Dripu ya Mama na Gego la Chini Kulia

Gego lenyewe lilikuwa la chini, upande wa kulia, la pili kutoka mwisho. Lilikuwa limetoboka siku nyingi na Mama alikwishalizoea: anatafunia kushoto, chai ya moto anaipitisha kushoto, maisha yanaendelea. Januari 2023 likaanza kumnyima usingizi. Shavu likavimba, akawa analala kwa kukaa, kitambaa cha maji ya moto amekibana shavuni. Nilikuwa nimekwenda Tanga kumwona, nikampeleka mwenyewe kwenye kliniki moja ya meno pale mjini.

Mazungumzo ya siku ile nayakumbuka neno kwa neno, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Daktari alikuwa kijana mpole, alimwamkia Mama shikamoo kabla hata hajavaa glovu. Akamuuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Mama akajibu, "Za presha tu, mwanangu." Akamuuliza kama ana kisukari. Hana. Kama akijikata damu inachelewa kukata. Hapana. Akampima presha, akamchoma sindano ya ganzi, na baada ya robo saa gego lilikuwa kwenye kisahani cha chuma na Mama ameuma shashi, machozi yanamtoka kwa nafuu. Tulilipa shilingi 20,000 tukarudi nyumbani.

Mama hakudanganya. Wakati ule alikuwa na mwaka wa pili akiwekewa dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, kila mwezi, Dar es Salaam, kwa sababu saratani ya titi aliyotibiwa mwaka 2019 ilikuwa imerudi, safari hii kwenye nyonga na pingili za mgongo. Lakini kwake hiyo haikuwa "dawa anayotumia". Dawa anayotumia mtu, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, ni kidonge kilichomo kwenye pochi, kinachomezwa asubuhi na jioni. Dripu hutumii. Dripu unawekewa, unainuka, unapanda basi unarudi kwako. Na mimi niliyekaa pembeni ya kile kiti, mimi niliyekuwa nikimsindikiza kwenye dripu hizo hizo, mwenye picha za faili lake zote kwenye simu, sikufungua mdomo. Nililisikia swali kama alivyolisikia yeye.

Nisieleweke vibaya kuhusu dawa yenyewe. Kabla ya kuanzishiwa, Mama alikuwa hawezi kujigeuza kitandani bila kuugulia, na tuliambiwa wazi kwamba nyonga ile ingeweza kuvunjika hata kwa kujikwaa kwenye zulia. Miezi mitatu baadaye alikuwa anakwenda msikitini kwa miguu yake. Dawa hizi zinazuia mifupa isivunjike na zinapunguza maumivu ya saratani iliyoingia mifupani. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha saa nyuma, dripu ningeiacha palepale. Ningebadilisha yale mazungumzo tu.

Pengo la jino kwa kawaida huanza kujifunika wiki ya pili. La Mama halikufunika. Wiki ya tatu akasema kuna harufu. Tukadhani ni uchafu, akazidisha kusukutua kwa maji ya chumvi. Mama mdogo akaleta karafuu. Mtu wa duka la dawa akatupa amoksilini na metronidazoli, akameza wiki nzima, maumivu yakapungua, yakarudi. Katikati ya Machi akanipigia simu akaniambia jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. "Mwanangu, mle shimoni mna kitu. Ulimi ukipita nakigusa, kigumu, kama mbegu ya ubuyu imekwama."

Nilimwambia dada yangu ammulike kwa tochi ya simu, anipigie picha. Fizi ilikuwa nyekundu pembeni, na katikati, pale palipopaswa kuwa na nyama, palikuwa na kitu cha rangi ya manjano iliyofifia, kikavu, hakina damu. Ulikuwa mfupa wa taya.

Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya tuliyempata Dar es Salaam alikuwa mama wa makamo. Kabla hajasema lolote alimtazama Mama mdomoni kwa muda mrefu, akagusa ule mfupa kwa kijiti cha chuma. Mama hakushtuka. Hakusikia chochote. Ndipo yule daktari akavua glovu, akavuta kiti akakaa mbele yake, akauliza: "Mama, tangu uzaliwe, umewahi kuchomwa sindano au kuwekewa dripu kwa ajili ya mifupa? Hata kama ni miaka mingi iliyopita?"

Mama akajibu palepale, bila kufikiri. "Ndiyo. Kila mwezi."

Lile swali nimelibeba tangu siku ile. Lilikuwa na maneno kumi na kitu, na lau lingeulizwa Januari, au lau mimi ningelijibu bila kuulizwa, sidhani kama gego lile lingeng'olewa kwa haraka ile.

Alitueleza hivi, nami naeleza kwa maneno yangu. Mfupa haukai kama jiwe. Mwili kila siku unaondoa mfupa uliochakaa na kuweka mpya. Sisi wa pwani tunaweza kufikiria paa la makuti: anapanda mtu wa kutoa makuti yaliyooza, nyuma yake anakuja wa kupanga mapya. Seli zinazotoa mfupa wa zamani zinaitwa osteoklasti. Mtu mwenye mifupa dhaifu, au mwenye saratani mifupani, watoaji wake wanafanya kazi kupita kiasi, paa linabaki matundu. Dawa za kundi la bisfosfoneti, kama zoledroniki na alendroneti, zinawanyamazisha watoaji. Paa linakuwa zito, halivuji. Ni jambo jema, mpaka siku nazi inapoanguka na kuvunja paa mahali pamoja. Hapo sasa unamhitaji yule mtoaji aje aondoe yaliyovunjika ndipo mapya yapangwe, naye amelazwa usingizi.

Kung'oa jino ni kuvunja paa. Na taya si kama mfupa mwingine. Mfupa wa taya unajijenga upya haraka zaidi kuliko mifupa mingi, kwa sababu ya kazi ya kutafuna, kwa hiyo dawa inajikusanya huko. Juu yake pana ngozi laini nyembamba tu ya fizi, na kinywa kimejaa vijidudu usiku na mchana. Ukivunjika mfupa wa paja, umefunikwa na minofu. Tundu la jino liko wazi kwa mate na chakula tangu dakika ya kwanza. Ndiyo maana tatizo hili linatokea tayani, na zaidi taya la chini. Na meno yanayong'olewa ndicho chanzo cha visa vingi, ingawa meno ya bandia yanayobana vibaya na ugonjwa wa fizi nao huweza kulianzisha.

Jina lake kwa madaktari ni refu, lakini maana yake ni kufa kwa mfupa wa taya kunakotokana na dawa. Kipimo chao kimojawapo ni muda: mfupa uliobaki wazi zaidi ya wiki 8, kwa mtu anayetumia au aliyewahi kutumia dawa hizi, na ambaye taya lake halikupigwa mionzi. Siku tuliyokaa mbele ya yule daktari Mama alikuwa na wiki ya kumi.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Nikakuta kwamba hadi mwaka 2003 tatizo hili halikuwa na jina. Mwaka huo daktari wa upasuaji wa taya wa Miami, Robert Marx, aliandika barua kwenye jarida la wenzake akieleza wagonjwa 36 wenye mfupa wa taya ulio wazi, wote wakitumia dawa za kundi hilo hilo: pamidroneti, au zoledroneti, ambayo ndiyo zoledroniki ya Mama. Lakini taya la namna hii lilikuwa limeonekana zamani zaidi. Mwaka 1845 daktari wa Vienna, Lorinser, alieleza wafanyakazi wa viwanda vya viberiti ambao mataya yao yalikuwa yanaoza. Walikuwa wanavuta mvuke wa fosforasi nyeupe, ile iliyotumika kutengeneza vichwa vya njiti. Mwaka 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May huko London waligoma, na ugonjwa ule wa taya ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyofanya watu wasikilize habari za kiwanda kile. Mkataba wa kuipiga marufuku fosforasi nyeupe ukatiwa saini Berne mwaka 1906. Nilisoma hayo jikoni kwa dada yangu, na juu ya jiko palikuwa na kiberiti. Nikakaa nakitazama. Wasichana wale nao, meno mabovu ndiyo yalikuwa mlango wa ugonjwa.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuhusu lugha, maana naamini nusu ya tatizo imelala hapo.

Nenda duka lolote la dawa, omba "dawa ya mifupa". Utapewa diklofenaki. Au utapewa vidonge vya kalsiamu, au mafuta ya kuchua goti. Wazee wetu wengi wanatumia "dawa ya mifupa" ya namna hiyo, na hakuna hata moja kati ya hizo inayohusika na habari hii. Kwa hiyo hata mgonjwa akijitahidi akamwambia daktari wa meno, "natumia dawa ya mifupa," daktari mwenye foleni ya watu kumi nje atasikia kalsiamu, atasikia goti, ataendelea. Maneno yale yale yanabeba kitu kisicho na madhara yoyote kwa jino na kitu kinachoweza kuacha mfupa wazi mwaka mzima. Na mgonjwa wa saratani ya tezi dume, ya titi au ya uboho hataji hata hilo, kwa sababu akilini mwake dripu ile ni "matibabu ya saratani", nayo na jino wapi na wapi.

Dawa inabaki mfupani, hilo nalo halisemwi vya kutosha. Alendroneti inakadiriwa kukaa kwenye mfupa kwa zaidi ya miaka 10. Mtu aliyeacha vidonge mwaka juzi atajibu kwa moyo mweupe kwamba hatumii kitu, na mfupa wake una jibu lingine.

Baada ya habari ya Mama kuenea kwenye ukoo, shangazi yangu aliacha dawa zake. Yeye hana saratani. Ana miaka 71, aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, akapimwa, mifupa ikaonekana mepesi, akaandikiwa alendroneti ya miligramu 70 mara moja kwa wiki. Anaimeza Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, tumbo tupu, glasi nzima ya maji, halafu anakaa barazani nusu saa bila kulala chini kama alivyoelekezwa, ndipo anakunywa chai. Alipomwona Mama, zile dawa akazificha kabatini miezi minne, hakumwambia mtu.

Hofu ile nilichangia kuipanda mimi. Nilikuwa namsimulia kila anayenisikiliza, na sikuwa natenganisha watu wawili ambao hawafanani kabisa. Mgonjwa wa saratani anapewa dawa kali kwa dozi kubwa mara nyingi kwa mwaka. Mwenye mifupa mepesi anapewa dozi ndogo zaidi. Madaktari wa upasuaji wa kinywa na taya wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, walikusanya tafiti zilizopo: kwa wanaotumia bisfosfoneti kwa ajili ya mifupa mepesi, hatari baada ya kung'oa jino haizidi asilimia 0.15. Yaani katika watu 10,000, hawazidi 15. Kwa wenye saratani ni kati ya asilimia 1.6 na 14.8. Umri ule wa shangazi, kuvunjika nyonga ni jambo lililo karibu naye zaidi kuliko taya kufa, na nyonga ikivunjika uzeeni wengi hawarudi kutembea kama zamani. Nilikwenda naye mwenyewe kwa daktari wake, akaelezwa taratibu, akazirudia dawa. Mwaka uliofuata jino lake la juu lililokuwa likicheza liling'olewa. Daktari alijua anatumia nini, alilitoa polepole, akailainisha kingo ya mfupa, akashona fizi, akampa dawa ya kusukutua ya klorheksidini na kumwita arudi mara tatu. Wiki ya tatu fizi ilikuwa imefunga.

Kuna sindano nyingine ya mifupa inayohusika na habari hii ya taya, denosumabu, inayochomwa chini ya ngozi kila baada ya miezi 6 kwa wenye mifupa mepesi. Hii haikai mfupani, nguvu yake inaisha. Ndiyo maana ni hatari mtu kuikatisha mwenyewe eti anangoja kung'oa jino: ikichelewa sana, mifupa inapoteza nguvu kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika, wakati mwingine kadhaa kwa pamoja. Madaktari hupendelea kupanga jino ling'olewe kama mwezi wa tatu au wa nne baada ya sindano, ili fizi ipone kabla ya sindano ijayo, na sindano ijayo isikoswe. Kwa bisfosfoneti, kusimamisha dawa kwa wiki chache kabla ya kung'oa ni jambo ambalo wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama lina faida yoyote, kwa sababu hiyo hiyo ya dawa kubaki mfupani. Uamuzi huo ni wa aliyeiandika dawa na wa meno wakizungumza pamoja. Si wa mtoto wa mgonjwa aliyesoma simu usiku.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni jambo tuliloambiwa mwishoni, wakati tunatoka. Kabla ya dripu ya kwanza, mgonjwa anapaswa kupelekwa kwa daktari wa meno. Mabovu yasiyofaa yang'olewe wakati ule, tundu lisubiriwe lipone wiki mbili hadi tatu, yanayozibika yazibwe, meno ya bandia yanayokwaruza yarekebishwe. Gego la Mama lilikuwa limetoboka tangu kabla ya dripu. Lingetolewa mwaka 2021, pengine tusingekuwa na habari. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukujua kuuliza. Katika msongo wa kusikia saratani imerudi, nani angemfungua mgonjwa mdomo kutazama magego?

Na kwetu kung'oa ndiyo dawa ya jino. Mtu anavumilia mpaka usiku mmoja anashindwa, asubuhi anakwenda na pesa ya kung'oa tu. Kusafisha mizizi na kuziba, kliniki ile ile, ingekuwa zaidi ya mara kumi ya ile 20,000. Kwa mtu wa kawaida nisingesema neno. Kwa mtu mwenye dripu, ule uzibaji wa gharama ndio unaomwepusha na mwaka wa mateso, na laiti bima zingelitazama hivyo.

Mateso ya Mama yalichukua miezi minane. Hakufanyiwa upasuaji mkubwa. Alisukutua klorheksidini asubuhi na jioni, akapewa antibayotiki vipindi vitatu pale usaha ulipotoka, akasafishwa tundu kila baada ya wiki mbili. Daktari wake wa saratani na yule wa taya walipigiana simu, dripu ikasimamishwa kwa muda. Alikula uji, mtori, samaki wa kuchambuliwa. Korosho, ambazo alikuwa hakosi kuzitafuna jioni, aliziacha, na hakupenda kula mbele za watu kwa sababu ya harufu. Hilo la harufu lilimtesa kuliko maumivu. Alikuwa anaongea na mkono mdomoni.

Septemba kipande kikaanza kucheza. Yule daktari alikishika kwa koleo ndogo, akakivuta bila ganzi, kikatoka. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya hindi, kimekwaruzika kama kipande cha matumbawe kilichotupwa ufukweni. Mama aliomba akione. Alikigeuza juu ya shashi, akakitazama kwa muda, akamrudishia daktari bila kusema kitu. Wiki tano baadaye nyama ya waridi ilikuwa imefunika pale pote.

Sasa pochi yake ina kadi niliyoiandika kwa mkono, yenye jina la dripu kwa herufi kubwa, tarehe aliyoanza na namba ya simu ya daktari wake. Jina hilo amejifunza kulitamka. Anasema "zoledroniki" akikaza kwenye "ro", na kila daktari anayekutana naye, hata wa macho, anaambiwa.

Mwezi uliopita jino jingine limeanza, la juu kushoto, upande anaotegemea kutafunia. Safari hii hatung'oi. Daktari atakata kichwa cha jino usawa wa fizi, asafishe mizizi na kuiziba, mizizi ibaki humo humo mfupani, paa lisivunjwe. Miadi ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Mama amekwishaniuliza mara mbili kama ile kadi niliyompa inatosha au nimwandikie nyingine yenye herufi kubwa zaidi.